Nilivyompeleka Mtamba Masaki kwa Toyo Inayochemka

Kila nikipita pale kwa fundi Sudi, Mkuza, lazima nisimamishwe. Mzee Mbwambo, ilikuwaje huko? Mzee Mbwambo, ni kweli yule ng'ombe alitaka kukufia mlimani? Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama. Huyu anaambulia kichwa, yule anaambulia mkia, kesho nasikia habari yangu mwenyewe imeota pembe. Kwa hiyo nimekaa chini, naandika mara moja. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Anayetafuta nukta na mkato akazitafute kwa mwalimu. Anayetaka kujua kilichotokea asome hapa.

Chanzo mnakijua. Kitinda mimba wangu, Elisante, alikuwa anamuoa Furaha, binti wa Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya mjini kwa matajiri. Furaha amelelewa na bibi yake, Bibi Paskalina, mama wa kutoka Mbulu aliyehamia huku Pwani zamani kama nilivyohamia mimi kutoka Upareni. Mambo mengine yote ya posa yalishaisha. Kwangu mimi baba mzazi bibi huyo alibakiza jambo moja tu: mtamba. Nimlete mwenyewe, siyo mtu wa kutumwa, aingie uani kwake kwa miguu yake minne, jua likiwa bado lipo.

"Ng'ombe anayebebwa kuingia nyumbani ni nyama," aliniambia. "Na anayeingia gizani ni wa wizi. Wa namna hiyo simpokei, na harusi haipo. Tutakaa upya."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mtamba alitakiwa Alhamisi. Kadi zimeshagawiwa, mapishi yameshapangwa, na huyo bibi siyo mtu wa kutania.

Elisante akaja na ushauri wake. "Baba, tukodi kenta."

"Kenta ya nini?"

"Ya kumbeba ng'ombe."

"Na toyo yangu ina kazi gani, kupamba uwanja?"

Toyo, kwa yeyote atakayesomewa habari hii akiwa mbali, ni pikipiki ya matairi matatu yenye bodi ya mzigo nyuma. Hii yangu injini yake inapozwa kwa maji, ina rejeta kama gari. Imebeba saruji, matofali, mchanga, maji, imewasomesha watoto wangu wote akiwemo huyo aliyetaka kenta. Na kuna kitu kimoja kuhusu mimi na ile toyo lazima mkijue, bila hicho hamtanielewa. Stata yake imechoka zamani, na kiki yake inataka mguu wa kijana. Kwa hiyo siegeshi hovyo. Popote nikisimama natafuta mteremko, naelekeza pua chini. Nikitaka kuondoka naachia breki, inashuka, naingiza gia ya pili, inashtuka yenyewe. Tangu nianze biashara sijawahi kumwambia mtu nisukume. Mtu akikusukuma leo, kesho anakuomba lifti, keshokutwa anatangaza kwamba bila yeye usingefika.

MKUZA MPAKA MAGINDU

Siku ya kwenda kumchukua mtamba, asubuhi, mpira wa juu wa rejeta ulipasuka nikiwa bado Mkuza. Mlikuwepo. Nilinunua mpira mpya, nikaufunga mwenyewe, nikamimina maji mpaka yakafurika, nikafunika. Sudi akaniangalia akifuta mikono.

"Mzee, bado hiyo. Itoe upepo kwanza."

"Upepo unatolewa kwenye breki."

"Na kwenye maji vilevile. Ukimimina haraka hivyo, hewa inabaki imenasa ndani ya injini. Maji hayazunguki."

"Sudi, mimi nilikuwa nafunga mipira hii wewe unasukuma tairi kwa kijiti."

Mkacheka. Nami nikacheka, nikaachia breki, nikateremka zangu.

Toyo ikiwa tupu ilikwenda vizuri. Taa nyekundu ya joto iliwaka mara moja tu baada ya kuvuka Ruvu, nikasimama kwenye mteremko, nikaiacha ipoe, nikaongeza maji kidogo, nikaondoka. Nilijisemea ni jua. Lakini moyo haukutulia. Nilikuwa natazama ile taa kuliko barabara.

Magindu nilifika jioni kwa mama Naserian, mfugaji wa Kimasai ambaye ndiye mwenye mtamba. Nikamwamkia kwa lugha yake, "Takwenya," akaitikia, "Iko," nikajiona nimeshapata heshima. Heshima yenyewe haikukaa. Alinipa maziwa kutoka kwenye kibuyu, nikanusa moshi, nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Mama, haya yameungua."

Watoto wakatazamana. Naserian akakichukua kibuyu, akaninusisha mdomo wake. "Kibuyu kinafukizwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yakae. Hakijaungua. Umeungua wewe na pikipiki yako, nimekuona unavyotoka jasho."

Nikanywa. Kusema haki ni matamu, nikaomba tena. Akanipa bila kutabasamu, halafu akaniambia kwamba kesho anakwenda na sisi.

"Na nani?" nikauliza.

"Na mtamba wangu na wewe. Kamba ya mnyama wangu naikabidhi mkononi mwa mfugaji. Siikabidhi kwa dereva."

"Mimi siyo dereva. Mimi ni baba wa bwana harusi."

"Unajua kukamua?"

"Hapana."

"Basi ni dereva."

MAGINDU MPAKA MLANDIZI

Asubuhi wanaume wa pale walimfunga mtamba miguu, wakampandisha kwenye bodi juu ya majani makavu, kichwa mbele nyuma ya mgongo wangu. Mtamba mwekundu, paji la uso jeupe, ameshiba. Naserian akakaa pembeni juu ya gunia, kamba mkononi, fimbo magotini. Nilikuwa nimeegesha mteremkoni kama kawaida yangu. Nikaachia, ikashtuka, nikamtazama yule mama nione kama ameona ufundi. Alikuwa anamtazama ng'ombe.

Mtaniuliza kwa nini sikukatiza kwa njia ya Mzenga nitokee Kisarawe moja kwa moja. Mvua zilikuwa zimeikata njia. Ilibidi tuzunguke lami yote, Mlandizi, Kibaha, mpaka Kiluvya, ndipo tuingie kulia kuelekea Kisarawe. Safari ya siku nzima kwa mwendo wa toyo yenye mzigo, na jua la Bibi Paskalina halingojei mtu.

Tulipotoka kwenye vumbi tu, taa nyekundu. Nikasimama, pua chini. Nikagusa injini, inachoma. Nikagusa rejeta, baridi kama mtungi. Hapo nilichanganyikiwa. Injini inachemka, rejeta baridi! Ni kama mtu mwenye homa kali halafu ukimshika paji la uso ni barafu. Nikangoja, nikafungua mfuniko taratibu. Maji yamejaa mpaka mdomoni. Sasa inadai nini?

Nikageuka kuchukua dumu langu la maji ya akiba, nikakuta jepesi. Naserian alikuwa ameshamimina nusu kwenye beseni, mtamba anakunywa huku amelala.

"Mama! Hayo ni ya injini!"

"Injini yako si umesema imejaa?"

"Imejaa, lakini..."

"Huyu hajajaa," akasema, akaendelea kumnywesha.

Nikafunga mfuniko. Nikaachia breki. Kuanzia hapo tulikwenda kwa kusimamasimama, kila baada ya mwendo mfupi taa inawaka, natafuta mteremko, pua chini, nangoja, nachungulia, nakuta maji mpaka mdomoni, nafunika. Kila nikisimama nageuka kulitazama jua. Naserian alikuwa anageuka kunitazama mimi.

MLANDIZI MPAKA MKUZA

Mlandizi tulikula wali maharage kwa mama lishe mmoja mnene wa maneno. Nilikula nimesimama. Vijana wa bodaboda wakaizunguka toyo kama inzi kwenye muwa, kila mmoja daktari.

"Mzee, hapo ni thamostati. Itoe, itupe kule, utasahau," akasema mmoja.

"Acha uongo wewe, gasketi imeungua," akasema mwingine. "Mzee, moshi wake unanuka maji?"

"Unanuka moshi," nikajibu.

"Unampeleka wapi ng'ombe?"

"Masaki."

Wakaangua kicheko. "Masaki! Ng'ombe anakwenda kuogelea kwa mabalozi! Mzee, huko watamvalisha miwani!"

Nikawaeleza ni Masaki ya Kisarawe, hawakusikia, walishaondoka na miwani yao. Naserian peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna Masaki mbili? Unaijua ya kwetu iko wapi?" Nikamwapia kwamba naijua. Nadhani mpaka tunaiona Kisarawe hakuniamini.

Wakati wa kuondoka, yule wa gasketi akaweka mikono kwenye bodi. "Tukusukume, mzee wangu?"

"Toa mkono."

"Bure kabisa, mzee. Sisi wajukuu zako."

"Nimesema toa mkono. Hii haijawahi kusukumwa."

Ikashuka, ikashtuka. Nikasikia nyuma yangu Naserian akisema peke yake, "Mwanamume huyu angekuwa punda, ningeshamuuza."

Kongowe ndiko nilikofanya ujinga. Taa iliwaka, nikasimama, na hasira za kutwa nzima zikanipanda. Nikashika mfuniko bila kungoja. Ulitoka kama risasi, mvuke wa injini ukasukuma maji ya moto, yakaniunguza mkono huu wa kulia mpaka kiwiko. Kovu mnaliona. Naserian akanivuta, akanimwagia maji ya baridi, yale yale maji ya ng'ombe, kwa muda mrefu, bila kuuliza kama namruhusu. Halafu akanifunga kwa kipande cha kanga.

"Kwenu mnafungua chungu kinachochemka kwa mkono mtupu?" akauliza.

"Nina haraka, mama."

"Ng'ombe hana haraka. Harusi haina haraka. Ni wewe."

"Bibi amesema jua likiwa lipo!"

"Basi jua ulikimbize vizuri."

Na sasa nafika kwenu, Mkuza. Mliniona napita. Mlikuwa kwenye benchi wote, mkapunga mikono, mkapiga vigelegele vya bwana harusi, mmoja wenu akacheza kabisa barabarani. Mlidhani nimekunja uso kwa ukubwa wa shughuli. Ile taa ilikuwa nyekundu. Sudi alikuwa amesimama mlangoni, na najua yeye alisikia injini inavyogonga, maana hakupunga mkono, alinyoosha shingo tu. Nilichotakiwa kufanya ni kukata kona, nimwambie Sudi, haya itoe huo upepo wako. Nikapiga honi, nikapita.

MKUZA MPAKA KILUVYA

Kipande hiki ni kifupi lakini kilinizeesha. Malori mbele, mabasi nyuma, kila dereva ananipigia honi nitoke. Nilikwenda pembeni kabisa kwenye kokoto. Mkono unawaka, injini inawaka. Mtamba alianza kukoroma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia asubuhi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Amechoka kulala. Tumshushe asimame."

"Tukimshusha nani atampandisha? Magindu walimbeba wanaume sita."

Akamsogezea majani chini ya kichwa. Alijua ni kweli, na mimi nilijua yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Kiluvya tuliingia kulia. Pale kona palikuwa na mama anachoma mihogo. Akatupa mihogo miwili ya moto, na aliposikia ng'ombe anakwenda harusini akatujazia dumu maji, akakataa hata asante. "Mnishikie kipande cha keki tu," akasema. Nikaahidi. Sijapeleka mpaka leo, nikipita nitampelekea soda.

Jua lilikuwa limeshaanza kulalia upande wa Mlandizi.

KILIMA CHA KABLA YA KISARAWE

Njia ya Kisarawe kutoka Kiluvya haina utani. Inapanda, inashuka, inapanda tena, mikorosho huku na huku, na nyumba ziko mbalimbali. Kilima cha kwanza tulikipita kwa kusali. Cha pili kirefu zaidi. Tukiwa katikati yake, taa.

Nikafanya kama siku zote. Nikaikata kona, nikaigeuza ielekee tulikotoka, pua chini, nikazima. Nikangoja ipoe. Safari hii nilingoja kweli, mkono ulishanifundisha. Nilizunguka ile toyo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikifika mbele naangalia rejeta, nikifika nyuma naangalia jua. Nikafungua mfuniko taratibu kwa kitambaa. Maji mpaka mdomoni, kama kawaida, yananicheka. Nikauweka mfuniko juu juu bila kuukaza, kwa haraka, nikaruka kwenye kiti, nikaachia breki. Ikashuka, ikashtuka.

"Simama!" Naserian akapiga kelele.

Nikakanyaga breki, injini ikiwa inanguruma. "Nini tena?"

"Njoo uone ubavu wake."

Sikutaka kushuka, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikaweka gia huru, nikazuia tairi kwa jiwe, nikaenda. Ubavu wa kushoto wa mtamba ulikuwa umevimba kama ngoma. Ameutoa ulimi, macho yamemtoka. Naserian akapiga ule ubavu kwa kidole, ukalia du, du.

"Tumbo limejaa hewa," akasema. "Ng'ombe hewa yake inatokea mdomoni. Kutwa nzima kila tukisimama unamlaza kichwa chini, matako juu. Hewa itapita wapi? Geuza pikipiki iangalie mlimani. Mbele yake iwe juu."

"Nikiigeuza ikazimika hapa, haitawaka. Hatuna mtu wa kutusukuma."

"Usipoigeuza, anakufa. Hapa. Sasa hivi."

"Mama Naserian, nikikwama mlimani jua linazama..."

"Utampelekea bibi nyama kabla jua halijazama? Geuza!"

Nawaambia ukweli, nilisimama pale nikikodolea macho ile toyo na yule mnyama, na sikujua niokoe kipi. Toyo ikizimika pua juu, mtamba mzima haendi popote. Toyo ikibaki pua chini, inafika na mzoga. Mtamba akatoa sauti kama mtu anayezama. Nikapanda. Nikaizungusha kwa gia ya kwanza, nikavuta mafuta, nikapanda mlimani hatua chache, nikasimama pua juu, mahali ambapo kwa miaka yote sijawahi kusimama kwa hiari. Jiwe nyuma ya tairi hili, jiwe nyuma ya tairi lile. Mkono kwenye mafuta nisiache izimike.

Naserian akamwinua kichwa mtamba, akamwekea kijiti mdomoni kama lijamu ya farasi ili atafune, akawa anamsugua ubavu, anaongea naye Kimasai. Mimi nikawa nasikiliza injini kwa hofu. Ndipo nikasikia kitu kingine. Bwoko. Bwoko bwoko. Nikadhani ni tumbo la ng'ombe.

Halikuwa tumbo la ng'ombe. Ule mfuniko wa rejeta nilioacha kuukaza ulikuwa unacheza wenyewe. Injini ilikuwa imeshatulia, nikaachia mafuta, nikauondoa kwa kitambaa. Yale maji niliyoyaona kutwa nzima yamejaa mpaka mdomoni yalitoa pumzi moja ndefu, bwaaa, halafu yakashuka. Yakapotea. Nikachungulia, naona giza tupu. Nikanyakua dumu la mama wa mihogo, nikamimina kidogo kidogo. Yakanywewa. Yakatoa mapovu, yakanywewa tena. Nikaubana ule mpira mpya kwa vidole, mapovu zaidi. Nikauachia, nikaubana. Kila nikiubana linakuja povu, la kwanza kubwa kama limau, baadaye dogo kama punje ya mtama.

Nyuma yangu mtamba akacheua. Siyo kucheua kwa adabu. Alicheua kama ngurumo, harufu ya majani yaliyochacha ikatupita wote wawili. Naserian akapiga makofi. Mtamba akarudia. Rejeta ikajibu bwoko. Mtamba tena. Nikaanza kucheka peke yangu, mkono umefungwa kanga, dumu kifuani.

"Unacheka nini?" Naserian akauliza.

"Wote wawili walikuwa wagonjwa ugonjwa mmoja."

Akaja, akachungulia kwenye rejeta, akanitazama. "Na dawa ni moja," akasema. "Sasa mbona ulikuwa unawalaza kichwa chini?"

Hapo ndipo maneno ya Sudi yaliponirudia. Hewa haijui rejeta wala tumbo. Inatafuta mahali pa juu, ikikuta mlango huko juu inatoka, isipoukuta inakaa. Mimi kila nikisimama nilikuwa nauweka mdomo wa rejeta chini na injini juu. Hewa ikabaki injini, maji yakabaki rejeta yakipoa bila kazi, nami nikichungulia naona yamejaa, naridhika. Ujanja wangu wa kuegesha, ule nilioutambia tangu mwanzo wa habari hii, ndio uliokuwa unafunga mlango.

Mapovu yalipokwisha nilijaza maji, nikakaza mfuniko. Nikashika rejeta. Ya moto! Sijawahi kufurahia kuungua namna ile. Feni ikaanza kuzunguka, kitu ambacho haikufanya tangu Mkuza, na taa nyekundu ikazimika yenyewe. Nikatoa mawe. Nikaipandisha toyo kile kilima chote bila kusimama, mtamba nyuma yangu akinicheulia shingoni, na sikumkataza.

MASAKI

Kisarawe mjini tulipita bila hata kununua maji. Vivuli vya minazi vilikuwa virefu. Baada ya hapo ni vumbi jekundu na mashamba ya mihogo, na mimi nilikuwa nasemesha jua kwa sauti, ngoja, ngoja kidogo.

Tulipofika kwa Bibi Paskalina jua lilikuwa limebaki kama kipande cha chungwa juu ya mikorosho. Uwanja umejaa watu. Elisante alikuwa pale tangu mchana, uso umemshuka. Bibi mwenyewe amekaa kwenye kigoda mlangoni, kanga begani, hainuki.

Tukamshusha mtamba nje ya uwanja, vijana wakishika huku na huku, Naserian akamfungua miguu. Mtamba akalala chini vilevile kama gunia.

Mjomba wa Furaha akasema, "Tumnyanyue?"

"Asiguswe," bibi akasema kutoka mlangoni. "Nilisema kwa miguu yake."

Mimi nikalitazama jua. Nikamtazama mwanangu. Naserian akapiga magoti, akaanza kumkanda mguu mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu kwenda chini, bila haraka yoyote, kama vile jua linazama nchi nyingine. Nikataka kumwambia fanya upesi. Nikakumbuka mfuniko wa Kongowe, nikanyamaza. Hilo, wenzangu, ndilo lililonishinda zaidi siku ile nzima: kusimama na kunyamaza.

Mtamba akainua matako kwanza. Akayumba. Akapiga magoti ya mbele, akakaa hivyo. Halafu akasimama. Akajitikisa, akakojoa mkojo mrefu wa kutosha kuzima moto, akaingia uani mwenyewe, Naserian nyuma yake na kamba ikiwa imelegea. Vigelegele. Elisante alinikumbatia mbele za watu, nikamwachia.

Naserian alipitia mbele yangu na ile kamba bila kunitazama, akaenda mpaka kwenye kigoda. "Unajua kukamua?" akamuuliza bibi.

"Kabla wewe hujazaliwa," bibi akajibu.

Akamkabidhi. Jua likazama, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na habari nalo.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuigeuza toyo pua juu, ikaelekea nyumba ya wakwe, ili kama kulikuwa na hewa iliyobaki ikusanyike mdomoni wakati inapoa. Asubuhi nikafungua, likatoka povu moja dogo, nikaongeza maji ya kikombe kimoja. Kazi safi. Kisha nikapanda kwenye kiti nirudi nyumbani kujiandaa na harusi, ndipo nikakumbuka niko wapi. Stata ikalia tik. Kiki nikaijaribu, mguu ukakataa. Pua iko mlimani, nyuma yangu zizi.

Wote wako nje wanakunywa chai, wananiangalia.

Ningeweza kungoja watawanyike. Nililifikiria hilo. Halafu nikasema, sauti haikutoka vizuri mara ya kwanza, nikarudia: "Jamani, nisukumeni."

Walikuja wote. Wakaigeuza, wakashika bodi, mjomba, Elisante, wale vijana, Naserian na fimbo yake. Bibi Paskalina akaweka kikombe chini, akaja kuweka mkono mmoja tu pembeni, mkavu kama gome la mti.

"Sukumeni," akasema. "Huyu sasa ni wetu."

Ikashuka, ikashtuka. Nikafika pale chini kwenye barabara, nikaona nimeondoka bila kumuaga Bibi Paskalina kwa heshima. Nikazima injini, nikateremka, nikapanda kwa miguu kwenda kumpa mkono.

Pale nilipoizima ni tambarare kabisa. Wakanisukuma mara ya pili.